Miguu kwenye Ukuta wa Mama Nasra

Vueni viatu kwanza. Haya, lala chali, sogeza makalio mpaka yaguse ukuta, halafu tupa miguu juu iegemee hapo. Usishike sketi, hapa ni sisi wanawake tu. Sasa vuta pumzi iende tumboni. Sio kifuani, nimesema tumboni, mpaka kitovu kipande kama chapati ikishika moto. Mkiwa hivyo ndio tunaweza kuongea kazi.

Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo msinitafutie maneno ya daktari. Niliingia kliniki moja hapa Kitengela miaka ya tisini na ndoo na kitambaa cha kupangusa sakafu, nikatoka miaka ya elfu mbili nikiwa msaidizi wa chumba cha fizio, yaani tiba ya viungo, na koti langu mwenyewe, jina limeshonwa kifuani. Walilishona likapinda lakini lilikuwa langu. Mjukuu wangu Ndinda, aliyeitwa jina langu kama tunavyofanya sisi Wakamba, sasa amehitimu na ni fizio kamili. Soko lote linajua kwa sababu nimelitangazia. Juzi mwenye viazi, anayeniita susu, yaani bibi kwa Kikamba, aliniambia, "Susu, hiyo si ulishaniambia?" Nikamjibu kwamba ile ilikuwa ya wiki jana, hii ni ya leo.

Ndinda na wenzake wakija kwangu kunywa chai huniuliza tulifanya nini na akina mama wenye uchungu wa huko chini, na hatukuwa na mashine yoyote ya maana. Basi nawaandikia nyinyi, wenye mikono laini na vyeti vipya.

Uchungu wenyewe ni huu. Mwanamke amezaa watoto wake kadhaa. Asubuhi yuko sawa kabisa. Akishinda amesimama, kufika mchana ni kama amebeba jiwe la kusagia katikati ya mapaja. Jioni hataki mzee wake hata amguse, na wakipatana basi kesho yake anatembea kama bata. Mishipa imetokeza mapajani, na mingine imetokeza mahali ambapo mtu hamuonyeshi hata dada yake. Akilala uchungu unapungua. Akisimama, umerudi. Akienda kutibiwa anapewa dawa ya minyoo, akirudi anapewa ya amiba, na akirudi tena anaambiwa ana mawazo mengi. Kweli mawazo anayo, nani angekosa?

Aliyenifundisha jina la huo mzigo ni Madam Resiato, fizio wetu, Mmaasai wa kutoka Illasit, mrefu hivi kwamba mlango wa chumba chetu ulimfanya awe na adabu, lazima ainamishe kichwa kila akiingia. Niliingia siku moja na ndoo, tukasalimiana kwa Kimaasai chake alichonifundisha, takwenya, iko, halafu nikamuuliza yule mama aliyetoka akilia ana nini. Angeweza kuniambia nipanguse sakafu. Aliniuliza kama nimewahi kwenda soko la mifugo Kajiado.

Akanieleza hivi, akiniita kwa jina la mtoto wangu Mutheu. Damu ya miguu na ya kiuno ni lazima ipande mlima irudi kwa moyo. Ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, kama lango la zizi. Mimba ikija, mishipa inavimba na kupanuka, na vile vilango vinaachana, havikutani tena. Damu ikijaribu kupanda inarudi nyuma. "Ng'ombe wote wamesukumana kona moja, Mama Mutheu, na wengine wanazidi kuingia. Ule uzito anaousikia ni ng'ombe."

Kuanzia siku hiyo, mama akiingia na ile sura, mimi namuuliza kama ng'ombe ni wengi leo. Wengine waliudhika, lakini wengi walicheka, na kucheka ni dawa, mtaona mbele.

Msidanganye mtu kwamba fizio anatengeneza lango. Lango likilegea limelegea. Siku hizi nasikia kuna madaktari wanaopitisha mrija mwembamba kama uzi na kuziba ule mshipa mbaya, na mama mwenye uchungu mkali mpelekeni kwao, msikae naye. Kazi yetu ni kuwasaidia ng'ombe kupanda. Miguu ikiinuliwa, mlima unageuka mteremko. Nyama ya nyuma ya mguu, ile unayoikunja ukisimama kwa vidole, inakamua damu kama mkono unavyokamua chuchu ya ng'ombe. Na pumzi ikishuka tumboni na kupanda, inavuta damu kama pampu ya kisima. Hiyo ndiyo shule yangu yote.

Lakini kujua ni tofauti na kufundisha. Kuna wakati tulienda ndani Kajiado kuwaona akina mama ambao hawangefika mjini. Madam akawaambia wainue kitanda upande wa miguu, waweke matofali chini ya miguu ya kitanda. Mjini hiyo ni kazi ya dakika. Lakini kitanda cha nyumba ya Kimaasai ya zamani ni fito zilizochimbiwa ardhini, juu ngozi. Huwezi kukiinua labda uinue nyumba yote. Na yeye mwenyewe alizaliwa juu ya kitanda kama hicho, lakini vitabu vilikuwa vimemsahaulisha. Wale akina mama walisikiliza kwa heshima, wakaangaliana, na kicheko kikaanzia nyuma. Mmoja akatoka nje, akatandika ngozi kwenye mteremko nyuma ya boma, akalala kichwa bondeni na miguu mlimani, akafumba macho. Wenzake wakamfuata. Wakalala pale wamepangana kama nguo zilizoanikwa, shanga zimewaangukia usoni. Mzee mmoja akapita na mbuzi wake, akasimama, akatuuliza kwa upole kama tunajua kwamba hawa wanawake wamekufa. Mke wake akamjibu bila kufumbua macho kwamba hawajafa, wako kazini, na chai iko jikoni ajimiminie. Madam alienda nyuma ya gari akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

Sasa nije kwa Mama Nasra, kwa sababu miguu yenu imeanza kufa ganzi na bado sijafika.

Mama Nasra alikuwa Msomali wa kutoka Garissa, na duka lake la vitambaa lilikuwa kando ya barabara ya Namanga. Mwanamke wa sauti kubwa. Angeweza kukuuzia leso uliyoivaa. Aliingia kliniki wakati wa mvua, gambuti zake zimejaa ule udongo wetu mweusi, akakaa upande mmoja wa makalio na kumwambia Madam, "Daktari, mimi sitaki mambo makubwa. Sitaki kupona mpaka uzee. Nipe siku moja tu."

Siku yenyewe ilikuwa ya hina ya binti yake Nasra, kifungua mimba, aliyekuwa anaolewa mvua ikiisha. Wasomali wana mchezo wao wa wanawake, unaitwa buraanbur. Akina mama wanasimama duara, mmoja anaimba mashairi ya kusifu ukoo, ngoma inapigwa, na mama wa bibi arusi lazima aingie katikati acheze. Asipocheza, au akicheza kidogo na kutoka, watu watasema hiyo ndoa haijampendeza. Maneno kama hayo yanamfuata bibi arusi mpaka kwa wakwe. Na Mama Nasra wakati huo hangeweza kusimama hata birika la chai lichemke.

Siku hizo mwanamke yeyote aliyezaa tulimpa somo moja: kaza nyama za huko chini kama unazuia mkojo, shikilia, halafu achia. Ni somo zuri kwa wanaovuja wakikohoa. Madam akampa Mama Nasra pia. Yule mama alilishika kama biashara. Alikaza akipima vitambaa, alikaza akijibizana na wateja, alikaza akipika. Ile sehemu ya kuachia aliiona ni uvivu, akaiacha. Alirudi kwetu ana hali mbaya kuliko mwanzo, akasema amekaza mpaka masikio yanauma.

Madam akamlaza, akamwekea mkono tumboni. Akamwambia apumue. Mama Nasra akasema anapumua. Madam akauliza wapi. "Puani," akasema, "wewe unapumulia wapi?" Madam akabonyeza tena. Tumbo lilikuwa gumu kama gunia la maharagwe.

"Hiki ni nini?"

"Si ni tumbo."

"Hapana, hiki chini ya mkono wangu."

"Ah. Hicho ni kitambaa," akasema, kama mtu aliyeulizwa pua ni nini.

Tukafunua. Jamani. Alikuwa amefungwa kuanzia chini ya matiti mpaka kwenye nyonga, kitambaa kimepita na kupita tena. Mama mkwe wake ndiye aliyemfunga alipomzaa Nasra, akimkandamiza mgongo kwa goti ili kishike vizuri, tumbo lisianguke. Watoto wakaja, kitambaa kikafunguliwa na kufungwa tena, mpaka sasa Nasra anaolewa na mama bado ana sare ya mzazi. "Na uliposema kaza, daktari," akamalizia kwa fahari, "nikaongeza mzunguko."

Nikashika ncha, yeye akaanza kuzunguka. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, kitambaa bado. Nikafika kwa korido, bado kinakuja. Mama aliyekuwa anangoja na mkono uliovunjika akanipokea kwa ule mzima, akaenda nacho mpaka karibu na dirisha la dawa. Kilikuwa kitambaa kizuri sana, kwa kweli, cha dukani kwake. Kilipoisha, Mama Nasra akasimama katikati ya chumba anayumba kama pia, akavuta pumzi, na ile pumzi ikashuka mpaka chini. Tuliiona. Tumbo likapanda. Akashtuka, akalishika kwa mikono miwili, akaanza kucheka, na tumbo likaruka, akacheka kwa sababu linaruka.

Madam akaketi kwenye stuli. Akaniuliza kama na mimi nilijifunga. Nikamwambia nilifungwa kwa leso kila nilipojifungua, nani hakufungwa? Na yeye akasema mama yake alikuwa na mshipi wake wa ngozi. Tukaangaliana, Msomali, Mkamba na Mmaasai, tumefungwa sote kama mizigo ya juu ya basi. Kujifunga polepole siku chache baada ya kuzaa, mgongo ukiwa umelegea, si vibaya. Lakini ukimnyonga mtu katikati miaka na miaka, juu pumzi haishuki na chini ng'ombe hawapandi, wanaenda wapi?

"Nilikosea mimi," Madam akamwambia. "Nilikupa kukaza kabla ya kuangalia kama unajua kuachia. Ngumi iliyokunjwa, hauwezi kuikunja tena." Lishikeni hilo, nyinyi wa vyeti vipya. Kabla ya kumwambia mtu akaze, hakikisha anajua kulegeza.

Basi tukaanza upya. Miguu ukutani, kikombe cha plastiki juu ya kitovu, kikombe kipande, kikombe kishuke. Nyama za huko chini zifunguke pumzi ikiingia, kama mtu anayeketi baada ya safari. Dukani asisimame kama mlingoti, apande kwa vidole na kushuka akiongea na wateja, atembee, akae. Akiinua robota la nguo asizuie pumzi, aipulize kama anayepoza chai. Na kila alasiri, duka likiwa na watu wachache, alale nyuma ya kaunta miguu juu.

Hapo ndipo Kitengela ilipata habari za miguu inayouza. Mzee mmoja aliingia kununua shuka nyekundu, hakuona mtu. Aliona tu miguu miwili ndani ya soksi nyeusi imesimama juu ya kaunta, imeegemea rafu. Akabisha hodi. Miguu ikamkaribisha. Akataja bei, miguu ikakataa, kidole kikubwa kikitikisika upande huu na huu. Walivutana hivyo mpaka akalipa na kwenda zake, na alikuwa akiwaambia watu kwenye hoteli ya chai kwamba afadhali ungebishana na mdomo wa yule mama, miguu yake haina huruma.

Akaanza kupata nafuu. Hakupona, nafuu. Siku zingine ng'ombe walijaa, lakini alijua pa kuwapeleka. Alisimama birika likachemka, likamiminwa, likanywewa.

Halafu mama mkwe akafika kutoka Garissa kwa harusi.

Tulimwita Ayeeyo, ndiyo nyanya kwa Kisomali. Alikuwa mfupi kama mtoto wa shule, na fimbo, na mjini watu wote walimpisha. Jioni ya kwanza tu alimkumbatia mkaza mwanawe, mikono ikahisi kiuno, akarudi nyuma. Akasema tumbo limeachwa wazi kama mlango wa hoteli, na mama wa bibi arusi hatasimama hivyo mbele ya watu. Alikuwa amekuja na kitambaa kipya.

Mama Nasra alikuja kliniki mbio. Kwao, na hata kwetu, mama mkwe hakataliwi, unameza tu. Alimwomba Madam aende amwambie yule mzee. Madam alifikiri, akasema, "Nikisema mimi atanisikiza, halafu nikitoka atakufunga. Mama Mutheu atakuja siku ya hina. Wewe ukishindwa, mtafute yeye, na uutafute ukuta."

Mimi nilivaa gauni langu la kijani, nikaenda.

Nyumba ilikuwa imepakwa rangi nyeupe kwa ajili ya sherehe, mpya kabisa, bado inanuka. Wanaume walikuwa kwao, huku ni wanawake, udi unafuka, Nasra ameketi kama malkia mikono imejaa maua ya hina. Akina mama wakubwa walikuwa wamepakwa nyayo zote, nene, kama wazee wanavyopenda. Ya Mama Nasra, ya Ayeeyo na ya wengi wao ilikuwa bado mbichi ngoma ilipoanza. Nilimtazama usoni, nikajua. Kitambaa kipo.

Mwimbaji akasifu ukoo, Mama Nasra akaingia katikati, akacheza vizuri, mabega yanateleza, nyayo zinaacha alama kwenye mkeka. Shairi la pili likaanza. Nikaona anahamisha uzito mguu huu kwenda ule. Mkono ukaenda kwenye nyonga, ukarudi haraka. Ng'ombe walikuwa wanaingia. Akitoka kwenye duara sasa, Nasra ndiye atakayebeba maneno. Akibaki, ataanguka mbele ya watu. Ayeeyo alikuwa anamtazama kutoka kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti.

Mama Nasra akacheza mpaka mbele yangu. Akaingiza mkono chini ya dirac, lile gauni lao jepesi, akavuta ncha, akanitia mkononi.

"Shika, Mama Mutheu."

Nikashika. Akaanza kuzunguka. Mpiga ngoma, Mungu ambariki, alifikiri ni mtindo mpya, akaongeza kasi. Mimi narudi nyuma, kitambaa kinakuja, yeye anazunguka anakaribia katikati, akina mama wanapiga vigelegele mpaka nikasikia masikio yanalia. Mtu mmoja akasema lazima ni mtindo wa Nairobi. Kilipokwisha, alitembea wima mpaka ukutani, akalala chali na hariri zake zote, akatupa miguu juu ya ile rangi mpya.

Ngoma ikanyamaza.

Ayeeyo akaja. Fimbo tu ndiyo iliyosikika. Akasimama juu yake.

"Unafanya nini?"

"Nashusha mzigo, hooyo, mama yangu, ili nicheze tena. Sitaki kutoka kwenye harusi ya mtoto wangu."

"Mzigo gani?"

Mama Nasra akamwambia, mbele ya wote, bila kupunguza sauti. Jiwe la jioni. Mishipa. Kitanda. Hapo wanawake waliangalia mkeka. Mimi niliona aibu, na mimi si mtu wa aibu.

Ayeeyo aliegemea fimbo yake. Halafu akainama, na kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kudhani anayo, akauliza, "Linavuta na huku nyuma? Ukisimama kuswali?"

"Linavuta, hooyo."

Yule mzee akanipa fimbo yake. Akanigeuzia mgongo, akaniamuru nitafute ncha ya kwake.

Mimi sitawaambia kitambaa cha Ayeeyo kilikuwa na urefu gani, hamtaniamini. Nitawaambia tu kwamba tulimlaza karibu na mkaza mwanawe, miguu juu, nikamwekea kikombe kitupu cha shaa, ile chai yao, kwenye kitovu, na kikombe kikapanda. Alikitazama kama aliyeona mwezi mchana. Akacheka, kikaanguka, naye akapandisha nyayo ukutani mpaka makalio yakainuka. Basi akina mama wakaanza kuja, huyu anasema yeye ni mgongo tu, yule anasema anajaribu tu, mpaka ukuta wote ukawa miguu, na Nasra bibi arusi analia kwa kucheka, hina ya mikono inamzuia kujipangusa machozi.

Mama Nasra aliamka, akaingia kwenye duara, akacheza mpaka jua likashuka. Alipochoka alirudi ukutani, akapumua, akaamka tena. Hakuna aliyesema hiyo ndoa haijampendeza mama.

Baada ya harusi fundi wa rangi aliitwa, kwa sababu ukuta ulikuwa umejaa nyayo za hina, nyekundu zinazoelekea dari. Mama Nasra akamwonyesha pa kupaka na pa kuruka. Akampitisha pembeni ya zile nyayo, zote. Nimezitazama mara nyingi nikienda kumsalimu. Za Mama Nasra ziko katikati. Zile ndogo kama za mtoto wa shule, zilizofika juu kuliko zote, ni za Ayeeyo.

Haya, shusheni miguu. Polepole, mtasikia kizunguzungu.